Kusimba, kufumba ama kushindilia?

Dada mmoja wa Bukavu, wa pale Kadutu, ameniuliza hivi: anajifunza radio amateri (ile ya watu binafsi, si ya biashara) pamoja na kaka yake, wanatumia FT8, namna ya kutumiana mesaji fupi kwa radio kupitia kompyuta, na sasa anataka kuwaelezea wenzake kwa Kiswahili vile mesaji inageuka namba mbele ya kutumwa. Aseme "tunafumba mesaji" ama "tunaweka mesaji mu kodi"?

Dada, kodi achana nayo kabisa. Najua tumeitoa kwa Kifaransa na huku kila mtu anaisema, lakini ukiandika "mesaji iko na kodi" msomaji wa Kigoma ama wa Mombasa ataelewa kuna pesa ya kulipa serikali. Neno ni msimbo, kitendo ni kusimba, na yule wa upande wa pili anasimbua, sawa vile tunasema kufunga na kufungua.

Kufumba ndiyo inanisumbua zaidi, maana hapo unapindua jambo lenyewe. Fumbo linatungwa ili maana ijifiche. FT8 haifichi kitu, namna yake ya kusimba imetangazwa wazi, yeyote mwenye programu anasoma, na tena sheria za kimataifa za radio zinakataza amateri wa nchi mbili kusimba ujumbe kwa lengo la kuficha maana. Sasa mtu asome "tunafumba mesaji" kwenye karatasi yenu, na hali ya huku kwetu unaijua, atafikiri nini? Tafadhali, hiyo usiiandike.

Halafu kuna kitendo cha tatu ambacho hukukitaja, nacho ndicho kitamu: kushindilia. Umeona mama wa makala (makaa) anavyojaza gunia, anatikisa, anasukuma, mpaka nafasi tupu zinaisha, basi ni hivyo. FT8, ile Joe Taylor na Steve Franke walitoa 2017, inabeba biti 77 tu (biti moja ni 0 ama 1) kwa ujumbe mmoja, na unaenda kwa sekunde 12.64. Jina la stesheni, kama yale ya Kongo yanayoanza na 9Q, halitumwi herufi kwa herufi, linageuzwa namba moja ya biti 28. Mahali ulipo pia, panatajwa kwa jina la mraba wake kwenye ramani ya dunia: Bukavu ni KI47, Goma KI48, Lubumbashi KH38, na miraba yote ya dunia ni 32,400, kwa hiyo inaenea ndani ya biti 15.

Ukitaka kuandika maneno yako mwenyewe unapewa alama 13, na nafasi tupu inahesabiwa. HABARI ZA LEO inaenea kamili, nilihesabu na vidole mara mbili. AKSANTI SANA yetu inaingia na inabakisha moja. TUTAONANA KESHO inakatikia kwa KES. Ritifaa, ile alama ' ya ng', haimo kati ya zile alama 42 zinazokubaliwa, basi ng'ombe anakuwa NGOMBE, vile wengi huku Kongo tunamwandika tayari, na hapo kwa radio sioni kosa, ila kwa karatasi mrudishie ritifaa yake.

Kwa wenzako andika hivi: "Programu inashindilia mesaji na kuisimba kwa biti 77, stesheni ingine inaisimbua." Mesaji baki nayo kama unaipenda, iko neno letu, na ukisema ujumbe pia ni sawa, ila hapo itakuwa "kuusimba" na "inausimbua".