Stoo ya mapambo: uliza kwanza geti linafungwa saa ngapi

SWALI: Dada, shikamoo. Niko Houston, Texas, napamba harusi, sendofu na kicheni pati za Waswahili wa huku. Gereji imejaa viti vya maharusi, vitambaa na maua, gari la mume wangu linalala nje. Nikipanga chumba kwenye yale majengo ya kuhifadhia vitu, naweza kushonea humo na kupokea wateja? – Mpambaji

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chumba panga, ila ofisi usikifanye. Mikataba mingi inakataza, na vyumba vingi havina hata soketi. Cherehani utaichomeka wapi? Mimi hubeba vipande vya vitambaa na picha, nikamfuata bibi harusi kwake.

Kabla ya bei, uliza geti linafungwa saa ngapi. Mengi hufungwa saa nne usiku, na shughuli zetu unazijua: saa nne ndiyo kwanza MC anaita watu wakalishwe keki. Mwaka wangu wa kwanza sikuuliza. Nilimaliza kubandua mapambo saa nane usiku, nikafika na lori la kukodi, geti limefungwa. Nikalala kwenye kiti cha dereva mpaka saa kumi na mbili asubuhi, boksi la vinara vya vioo mapajani, na lori nikalilipia siku ya pili. Tafuta penye geti la saa 24, hata kama ni mbali na kwako.

Halafu chumba kiwe na kiyoyozi. Joto la Agosti la Houston silo la kuchezea. Mishumaa yangu minene niliikuta imepinda kama ndizi, na mahameli nyekundu imeota ukungu kwenye mikunjo. Niliifua mara tatu, harufu haikutoka. Siku hizi vitambaa navitundika, na boksi haligusi sakafu. Chini natandika mapaleti ya mbao.

Kwa kuanzia, futi 10 kwa 10 zinatosha. Acha njia katikati, vya meza kuu viwe karibu na mlango.

Kodi usiicheleweshe hata kidogo, maana ukishindwa kulipa, sheria inawaruhusu wenye jengo kupiga mnada vitu vyako. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana: vitu vikikaa tu, chumba kitakula faida yako. Vikodishe. Wapambaji wa Kikongo na Kinaijeria wana harusi wikiendi ambazo wewe huna. Kiti changu cha maharusi kikitoka mara mbili kwa mwezi, kodi ya chumba imepatikana. Picha za kila kitu ziwe kwenye simu, kila boksi na namba yake, mtu akiuliza saa hiyo hiyo unamjibu.

Ukienda kukagua, beba tepu upime mlango. Kiti chenye mgongo mrefu hupita kwa ubavu, na kinataka watu wawili.