Karatasi za hesabu za Idi

Dada, kwa hizo karatasi za hesabu za Idi za watoto unaowafundisha nyumbani, usihangaike kutunga swali mojamoja. Fungua Excel, andika =RANDBETWEEN(2,20) kwenye kisanduku, buruta chini, namba zinajitunga zenyewe. Ila ukigusa chochote zinabadilika! Kwa hiyo kabla ya kupeleka steshenari zinakili, uzibandike kama namba tupu, bila fomula, la sivyo majibu uliyoandaa yatakukana. Picha ya mwezi mwandamo moja inatosha, wino ghali. Mafumbo yatoe hapahapa Mtwara: bibi ana korosho 48, wajukuu 6 wamekuja kula Idi, kila mmoja apate ngapi? Watoto wangu walitaka tuhesabu kwa korosho zenyewe. Zikaliwa kabla ya jibu.