Kanisa linalokubali kukosolewa

Bwana Yesu asifiwe, mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmetuuliza: "Kwa mujibu wa Maandiko, kanisa la kweli la Kristo linatambulikaje?" Huku Dodoma swali hili tunaulizana kila siku. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mji umetanuka kuelekea Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, na makanisa yameongezeka pamoja na nyumba. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam anashusha vyombo Ijumaa, Jumapili asubuhi anasikia vipaza sauti vya pande tatu, halafu anamgongea jirani kumuuliza akasali wapi. Mimi ni mzee wa kanisa Nkuhungu, na wageni wa namna hiyo nimeongea nao sana.

Wengi huanza na jina la kanisa, siku ya ibada, au maji ya ubatizo ni mengi kiasi gani. Mambo hayo yana uzito wake na siyadharau. Lakini Biblia yenyewe inapotuonyesha kanisa la kwanza likiishi, inaanzia kwingine. Matendo 2:42 inasema: "Wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali." Ni mambo manne, na kitenzi kimoja kinayabeba yote: kudumu. Walutheri katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, na Waanglikana katika kifungu cha 19 cha vile vifungu vyao 39, walikaribiana sana kwenye jibu hili: kanisa lipo pale Neno linapohubiriwa kwa usafi na sakramenti zinapotolewa kama Kristo alivyoagiza. Nakubaliana nao. Ila mgeni wangu wa Nzuguni bado atauliza, sasa nitajuaje? Kila mhubiri anashika Biblia mkononi.

Jibu langu ni kwamba aangalie kanisa hilo linafanya nini linapoambiwa limekosea.

Tazama Korintho. Washirika walikuwa wamegawanyika, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Walipelekana mahakamani. Mmoja aliishi na mke wa baba yake na wenzake wakajivuna. Kwenye meza ya Bwana matajiri walitangulia kula, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Sisi tungeshasema pale hakuna kanisa. Paulo anaanza barua kwa kuwaandikia "kanisa la Mungu lililoko Korintho", kisha anawakemea sura baada ya sura. Katika barua ya pili, sura ya 7, tunasoma kwamba walihuzunika, wakatubu, wakachukua hatua. Kanisa lile lilikuwa na aibu nyingi, lakini lilipolisikia Neno likilikosoa, liliinama.

Beroya nao walimpima Paulo mwenyewe. Matendo 17:11 inawasifu kuwa "waungwana" kwa sababu walilipokea neno kwa moyo kisha "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Mtume aliyemwona Bwana njiani hakuwaambia wasimguse mtiwa mafuta. Kwa Wagalatia alikwenda mbali zaidi: hata sisi, hata malaika wa mbinguni, tukiwaletea injili nyingine, "na alaaniwe." Kwa hiyo mchungaji anayesema kumhoji ni kumhoji Mungu amejiweka mahali ambapo Paulo alikataa kukaa.

Na miujiza? Mathayo 7:22 inajibu kwa namna inayonitisha kila ninapoisoma. Siku ile wengi watasema walifanya unabii, walitoa pepo, walitenda miujiza mingi kwa jina la Yesu, na Bwana atawaambia hakuwajua kamwe. Hawaambii kwamba miujiza ile ilikuwa ya uongo. Anasema hakuwajua wao. Februari 1, 2020, kule Moshi, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana katika ibada wakiwahi kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikuwa mama zetu na kaka zetu, wenye shida za kweli. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Karama ya Mungu haina bei, iwe kwenye chupa, kitambaa au bahasha.

Hapo kwenye fedha naomba nikae kidogo, maana ndipo kukosolewa kunapouma.

Makanisa mengi ya huku baada ya ibada tuna mnada. Mtu asiye na noti ameleta alichonacho: kuku wa kienyeji amefungwa miguu kwa kamba ya katani, sado ya karanga, uwele kwenye mfuko wa salfeti, mayai kwenye bakuli. Mnadi anapandisha bei, watu wanachangamka, na mara nyingi aliyenunua kuku anamrudisha anadiwe tena. Mjane wa Ugogo anayeleta uwele katika mwaka mvua zilipokata mapema, ametoa chakula cha nyumba yake. Jumapili inayofuata katibu anasoma matangazo: sadaka ya ibada ya kwanza kiasi hiki, ya ibada ya pili kiasi hiki, mnada kiasi hiki. Mapato yanasomwa hadi shilingi. Swali langu ni je, matumizi nayo husomwa? Nimesali mahali ambapo mapato yalitangazwa kila wiki, na aliyeomba kusikia matumizi aliitwa mwasi.

Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na mwingine tena, ili mtu asije akawalaumu, akitangulia kufikiri yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu." Mtume aliona ni lazima fedha ya Mungu iwe na mashahidi. Kama yeye alihitaji, hakuna nabii wa leo asiyehitaji.

Matendo 6 inafundisha hivyo hivyo upande wa mgawo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, yakazuka manung'uniko. Mitume wangeweza kuyaita roho ya uasi. Badala yake waliita mkutano wa wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Inaelekea waliolalamika ndio waliokabidhiwa kazi. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Kwa macho yangu hii ni mojawapo ya picha nzuri kuliko zote za kanisa la kweli: wanyonge walisema, wakasikilizwa, na Injili haikuaibika.

Kuna ndugu mmoja katika jumuiya yetu hupinga nikisema hivi. Anasema kundi la watu wema wanaosoma mahesabu vizuri linaweza kuwa chama cha kuzikana tu, bila Kristo. Yuko sahihi kabisa. Efeso walisifiwa katika Ufunuo 2 kwa kuwajaribu mitume wa uongo, na bado waliambiwa wameuacha upendo wao wa kwanza. Ndiyo maana kipimo kinaanza na fundisho la mitume: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Lisipohubiriwa hilo, hakuna mahesabu yatakayolifanya kundi kuwa kanisa. Lakini likihubiriwa mimbarani huku wajane wamesahauliwa, Yakobo atauliza imani hiyo ina faida gani.

Kwa hiyo mgeni wangu namwambia asiharakishe kuhamisha cheti chake cha ushirika. Akae miezi kadhaa. Aende ibada ya katikati ya wiki, ambako hakuna kwaya wala wageni rasmi. Ahudhurie jumuiya nyumba kwa nyumba, aone kama anaruhusiwa kufungua Biblia na kuuliza. Msiba ukitokea kwa mtu asiye na cheo, aangalie nani wamefika na wamekaa hadi saa ngapi. Aulize kwa adabu mfuko wa wahitaji unasimamiwa na nani, halafu asikilize anajibiwaje.

Msomaji wenu, Nkuhungu, Dodoma