Simu moja, watoto 58: podikasti darasani itawezekana?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za jambo moja, podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kurekodi, zinazotengenezwa na wanafunzi wenyewe, nadhani ni kwa sababu sekondari msingi ya Kenya, gredi ya 7 hadi 9, sasa inataka watoto wafanye vitu kwa mikono yao na walimu wengi wameachiwa watafute njia wenyewe. Nimechagua nne.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha gredi ya 8 hapa Kilifi, watoto 58 na simu ni moja tu, yangu. Muhula uliopita niliwaambia watengeneze podikasti kuhusu mazingira, kila kundi likaenda kunakili kwenye intaneti likaja kusoma mbele ya simu kama taarifa ya habari, dakika kumi na mbili kila kundi, hata mimi nilisinzia. Niendelee au niachane nayo?

Marahaba mwanangu, usiachane nayo hata kidogo. Tena simu moja sio tatizo lako kubwa, tatizo ni ile mada. "Mazingira" ni neno kubwa mno, mtoto ukimpa neno kama hilo anajikuta hana la kwake la kusema basi anakimbilia la mtu mwingine, na hapo huwezi kumlaumu. Mpe swali ambalo intaneti haina jibu lake na wewe mwenyewe hulijui. Uko Kilifi, daraja lenu lilifunguliwa 1991, kabla ya hapo watu na magari walivushwa kwa feri, na nina hakika nyumba nyingi za wanafunzi wako zina babu au bibi aliyewahi kusimama kwenye ile foleni na hakuna mjukuu aliyewahi kumuuliza. Mama akishikwa na uchungu usiku na hospitali iko ng'ambo ilikuwaje? Foleni ikiwa ndefu watu walikula nini, nani alikuwa anauza? Daraja lilipokuja nani alikosa riziki yake? Hayo hayanakiliki popote, lazima mtoto aende akakae chini amsikilize mtu.

Sasa kabla ya kugusa simu, tumia vipindi viwili kwa kuuliza tu. Mimi hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko popote na sijawahi kujuta. Mtoto akiuliza "maisha yalikuwa magumu?" atajibiwa "ndiyo, magumu sana" na mambo yameisha, lakini akisema "bibi nisimulie siku moja uliyoikosa feri" atapata kisa. Wapange wawili wawili, mmoja auliza mwingine ajibu, na sharti liwe moja: swali la pili litoke ndani ya jibu la kwanza, sio kwenye daftari. Utaona jinsi inavyowatesa mwanzoni, maana wamezoea kusubiri zamu yao ya kuongea, kusikiliza hawajazoea.

Halafu makundi ya sita sita, utapata kama kumi, usiyaendeshe yote siku moja, mawili kwa wiki yanatosha. Mahojiano wafanye nyumbani kwa simu ya mzazi, hata kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nyingi zinarekodi. Waambie wauzime mtandao wa simu isije ikaita katikati ya maneno, waiweke kama shubiri moja kutoka mdomoni, nje kukiwa na upepo waifunike kwa leso nyepesi, na wasirekodi kwenye chumba kitupu chenye mabati na sakafu ya saruji maana sauti inarudi rudi. Na wakimaliza wanyamaze nusu dakika huku simu inarekodi, ule ukimya wa mahali pale utawafaa sana wakati wa kuunganisha vipande.

Kazi yenyewe sasa ni kukata. Dakika ishirini za bibi ziwe nne, sio zaidi. Wasikilize na karatasi mkononi, waandike dakika na sekunde, kipi kinabaki na kwa nini, wabishane, waache wabishane kabisa, pale ndipo wanajifunza muhtasari, mpangilio na mantiki kuliko zoezi lolote la kitabuni. Kama shule ina kompyuta hata moja weka Audacity, programu ya kukata na kuunganisha sauti, ni ya bure, ipo tangu 2000 na ikishawekwa haihitaji intaneti. Hifadhi kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika nne hazizidi megabaiti mbili, hata bando dogo linatuma.

Mwalimu, kwenye darasa langu wavulana ndio wanaoshika simu na kuongea, wasichana wananyamaza au wanapewa kazi ya kuandika tu. Nifanyeje?

Usiliache hilo liendelee hata wiki moja zaidi. Zungusha majukumu, kila kipande msimulizi awe mwingine, na anayeogopa mpe nafasi ya kurekodi na wenzake wawili tu pembeni, mbali na darasa. Uzuri wa kurekodi ni kwamba mtu akikosea anarudia, hakuna anayemcheka, nimeona watoto ambao mwaka mzima hawajainua mkono wakirekodi mara tano wao wenyewe mpaka wakaridhika.

Na uwaulize wanataka kusema nini, sio wewe unataka waseme nini. Kule Marekani redio ya NPR ilianzisha shindano la podikasti za wanafunzi, na mwaka 2019, mara ya kwanza kabisa, walioshinda upande wa shule za kati walikuwa wasichana wa Bronx, New York, waliozungumzia hedhi, na ile aibu inayowafanya watu waizungumze kwa kunong'ona. Wasichana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne! Walichukua kitu ambacho kinawanyamazisha wakakiongea chenyewe. Wako pia wanacho cha kwao, ila lazima wakuamini kwanza.

Mimi niko Mombasa. Podikasti za wanafunzi wangu ni nzuri lakini wazee wanaohojiwa wanaongea Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, na Kigiriama, mkuu wa somo anasema ni Kiswahili kibovu na nikate maksi. Una maoni gani?

Usikate. Hili linaniuma kidogo, nitasema wazi. Bibi akisema "ndia" badala ya njia au akimwita mjukuu "ndoo hapa" hajakosea chochote, hicho ni Kiswahili chake na ni cha zamani sana. Ilikuwa mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika hapo hapo Mombasa, ndipo Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na Kimvita kikaachwa. Kuachwa sio kuharibika.

Mwambie mkuu wa somo hivi: msimulizi, yaani mwanafunzi, anaongea sanifu na hapo mpime kwa ukali unavyotaka, ila aliyehojiwa anabaki na ulimi wake. Akiongea Kigiriama basi mwanafunzi aache sauti yake isikike sekunde chache ndipo aeleze kwa Kiswahili, hiyo ni tafsiri na ni ujuzi mgumu, unastahili maksi zake. Na maksi zako usizipeleke zote kwenye sauti nzuri, utampendelea mwenye simu ya bei. Mimi kila mtoto namtaka aandike aya moja peke yake: kipande gani mlikitoa, na kwa nini. Asiyefanya kazi anajulikana hapo hapo.

Habari mwalimu, mimi ni mzazi niko Tanga. Binti yangu wa kidato cha kwanza ameambiwa amrekodi bibi yake halafu iwekwe mtandaoni. Nimeogopa kidogo, je ninakosea kuuliza?

Hukosei mama, hata kidogo. Sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi, Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022 na Kenya ya 2019, hiyo ya Kenya inasema wazi taarifa za mtoto zinahitaji ruhusa ya mzazi. Nenda shuleni kwa upole uulize mambo mawili: itawekwa wapi, na nani anaweza kuifuta. Binafsi sioni haja ya mtandao kwa umri huo, isikilizwe darasani au siku ya wazazi inatosha, jina la mtaa na jina kamili la mtoto visitajwe.

Lakini usimzuie kurekodi, nakuomba sana. Bibi aulizwe kabla simu haijawashwa, aelezwe nani atasikiliza, na kazi ikishakatwa asikilizishwe yeye kwanza kabla ya mwalimu. Akisema hapa toeni, patolewe. Na ile rekodi ndefu isiyokatwa msiifute, wekeni kwenye flashi ibaki nyumbani kwenu.