Kabla Hujaandika Andalio la Somo la Mazingira

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa kituo Mwanza, karibu sana. Nimefundisha shule za msingi kando ya Ziwa Victoria miaka mingi, na kabla hujafungua kitabu cha kiada nataka ulijue jambo moja: watoto utakaowakuta wanalijua ziwa kuliko wewe. Mtoto wa darasa la nne wa Kayenze au Igombe anajua upepo upi unawarudisha wavuvi mapema. Anajua bei ya dagaa ikipanda nyumbani kunakuwaje. Ukiingia na "mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka binadamu", wakaitikia kwa sauti mara tatu, umeshamfunga mdomo mtaalamu wako. Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha hivyo. Mtihani walifaulu vizuri, kisha wakatoka nje na kutupa takataka mtaroni kama jana.

Anza na mbalamwezi. Ngoja wiki ambayo mwezi ni mkubwa, uwaulize: mbona dagaa wabichi wameadimika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki? Darasa zima litakujibu. Dagaa huvutwa na taa usiku. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiangaza ziwa lote, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na mitumbwi mingi inapumzika. Hapo uliza swali la pili, nalo ulipe muda: je, mwezi usingekuwepo, tukavua kila usiku wa mwaka? Nyamaza. Waache wabishane. Neno "endelevu" linalowasumbua kwenye kitabu watalifikia wenyewe, na atatokea mmoja aseme kitu kama "tule leo na kesho tukute". Andika maneno yake ubaoni kabla ya yale ya kitabu.

Sasa jambo lililoniumiza. Niliwahi kufundisha uvuvi haramu kwa ukali. Nikaeleza jinsi kokoro, ule wavu mrefu unaovutwa kwa kamba hadi ufukweni, linavyokwangua maji ya kina kifupi, pale samaki wanapotaga na vifaranga wanapokulia, na yote niliyosema yalikuwa kweli. Kisha nikauliza nani amewahi kuona kokoro likivutwa, na nani analivuta. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliinamisha kichwa, na siku tatu zilizofuata hakuja shule. Baba yake alikuwa anaishi kwa kamba ile. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi mama yake, na tangu siku hiyo sijageuza darasa kuwa baraza la mashtaka. Mtoto hana uwezo wa kubadilisha kazi ya baba yake, na aibu unayompa jioni anakwenda kulala nayo.

Kwa hiyo nyavu ninafundisha kwa mikono. Tafuta vipande viwili vya nyavu chakavu, kimoja cha matundu madogo na kingine cha matundu makubwa. Changanya mchele, mahindi na mbegu za maembe, uwaambie hao ni samaki wa umri tofauti. Wachekeche. Nani amepita, nani amebaki, na mwakani tutakuwa na nani wa kutaga? Kisha waambie sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na kila mmoja apime urefu huo kwa rula juu ya dawati. Hapo umefundisha hisabati pia. Hakuna mzazi aliyetajwa, lakini yule kijana atakwenda mwaloni na macho mapya.

Kazi ya nyumbani ninayoipenda kuliko zote ni ya furu. Waambie wamuulize bibi au babu: zamani mlikula samaki gani? Watarudi na hadithi za furu, vile visamaki vidogo vya rangi rangi ambavyo ziwa hili lilikuwa na aina zake mamia. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Uchafu wa maji nao ulichangia, usiliache hilo. Kisha wape mnyororo waufuate. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, jua halimtoshi, lazima abanikwe motoni au akaangwe. Kuni zinatoka wapi? Nimeona watoto wakitazama vilima na kunyamaza walipotambua kwamba samaki aliyetiwa majini anaweza kukata miti nchi kavu. Yeye huyohuyo sangara amesomesha wengi wao, na hilo pia liseme wazi.

Mvua zikianza, usikae ndani. Kata chupa mbili za plastiki kwa urefu, moja jaza udongo mtupu, nyingine udongo wenye nyasi na mizizi yake. Zilaze kwa mwinamo, mimina maji kiasi kilekile, kinga kikombe mdomoni mwa kila chupa. Vikombe viwili vya maji, kimoja kama chai ya maziwa, kingine karibu cheupe. Kisha wakumbushe Mto Mirongo unavyobadilika rangi mvua ikinyesha, unapopita katikati ya mji kuelekea ziwani na udongo wa milimani, majitaka na takataka zetu. Ukiwa na watoto mia, kama ilivyo katika shule zetu nyingi, gawa makundi na ufanyie chini ya mti. Fujo itakuwepo, ivumilie.

Hapohapo ndipo pa kufundishia magugu maji, yaliyoanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Vitabu huyaita adui. Mimi huwauliza watoto: adui huyu analishwa na nani? Wakirudi kwenye kile kikombe cha chai ya maziwa, wakaona kwamba udongo na majitaka ndiyo mbolea yake, somo limeingia.

Onyo moja lisilo na mjadala: usiwapeleke watoto ziwani wakaingia majini. Nilifanya kosa hilo nikiwa mgeni, nikawaacha wavue viatu wakusanye konokono. Mhudumu wa afya aliyetukuta pale alinikaripia mbele yao, na alikuwa na haki. Konokono wale hubeba kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ukiwa umesimama tu majini. Dawa za kichocho zinazogawiwa shuleni hazimkingi mtoto anayerudi majini kesho. Omba ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, simameni nchi kavu, mchote kwa ndoo yenye kamba.

Kuhusu plastiki sitasema mengi. Mifuko ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na watoto wanajua. Afadhali mhesabu pamoja chupa zilizookotwa uwanjani kila Ijumaa na kuchora grafu kuliko kurudia katazo.

Na miti. Utakuta shule nyingi mchelewaji anaadhibiwa kwa kumwagilia miti. Pambana nalo taratibu, kwa heshima, kwenye kikao cha walimu. Mtoto aliyechotea mti maji kwa kosa la kuchelewa ataukumbuka mti ule pamoja na fimbo. Usipande miche mia siku ya mgeni rasmi halafu kiangazi cha Juni hadi Septemba kiikute haina mwenyewe. Panda kumi, mwanzoni mwa vuli, uzungushie miiba kwa sababu ya mbuzi, na kila mche uwe na mtoto wake na daftari lake la vipimo: urefu, majani, siku iliyomwagiliwa.

Shuleni kwetu mtoto akimaliza darasa la saba humkabidhi mti wake mtoto wa darasa la kwanza, kwa jina, mbele ya paredi, na daftari humwachia. La mwembe ulio karibu na jiko limeshapita mikono mitatu. Mwandiko wa kwanza ni wa yule kijana wa dawati la nyuma.