Kabla hujaacha hilo darasa

Waalaykum salaam mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikamuwekea na mama yako. Nimekuelewa hivi: mwalimu wenu wa picha huko Sapporo, Japani, kawapeleka mashambani Biei, kawasimamisha mbele ya shamba la theluji nusu saa nzima bila kugusa kamera, halafu picha yako akasema haina "ma", yani ule uwazi Wajapani wanaouacha baina ya vitu. Na wewe unaniuliza baba, hii si Zen, si dini ya watu, nisije nikawa naabudu bila kujua?

Tusidanganyane, Zen ni Ubudha. Neno lenyewe limetoka kwa Wachina, Chan, na wao walilitoa India, dhyana, yani kutafakari. Ile zazen, kukaa hekaluni mbele ya ukuta, ni ibada yao, ukialikwa kataa kwa adabu, basi. Ila kusimama kimya shambani mpaka macho yatulie, hapo mimi sioni kosa. Si tunasoma kwenye Aal Imran habari za wenye akili, wanaomkumbuka Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala, na wanatafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi? Ukiwa pale vuta uradi wako kimoyomoyo, nani atakukataza.

Sasa hiyo ma. Umeniambia inaandikwa mlango, na ndani ya mlango jua. Mwanangu mimi nimekaa studio miaka thelathini, hiyo imeniingia papo hapo, mwanga unapita kwa sababu mlango uko wazi, ukijaza vitu mlangoni utapita wapi? Nimeikuza picha yako kwenye kompyuta. Kuna mti, kuna uzio, kuna kona ya basi lenu, kuna kivuli chako mwenyewe kwenye theluji. Umepaogopa patupu. Mtazame Hiroshi Sugimoto, mpiga picha wa Kijapani, bahari zake kaanza kuzipiga 1980, nusu maji nusu hewa, mstari katikati, hamna boti hamna mtu, na mimi nikiziangalia nasikia baridi ya ufukweni Raskazone, hapa Tanga, alfajiri. Au yule Muingereza Michael Kenna anayekuja hapo hapo kisiwani kwenu Hokkaido, usiku anaiacha shata wazi masaa mpaka mawimbi yanageuka ukungu, na mkanda wa filamu wa kamera yake unatoa picha 12 tu. Mtu mwenye picha 12 hawezi kubonyeza ovyo.

Nami nilijifunza hilo kwa mkanda, sikufundishwa na mtu. Ulikuwa mdogo bado, nilikwenda kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, nikakaa juu ya mzizi, nimebakiwa na picha moja. Yangeyange akaja. Akanyanyua mguu, tope likawa linadondoka tone moja moja, na kila tone likianguka lina pete yake kwenye maji, na mie kidole kiko kwenye kitufe ila sitaki tena picha, naangalia tu. Alipoondoka pete ya mwisho ilikuwa bado inapanuka na hapo ndo nikabonyeza. Ndiyo ile iliyoko sebuleni ambayo wageni wanauliza mbona ni maji matupu. Kwangu yule ndege bado yumo.

Ndo maana nakwambia mwalimu wako usimkimbie, anawatoa tamaa kwanza. Tamaa ya picha ni mbaya kwelikweli, ulizia hapo Biei habari za ule mti ulioinama walioupa jina la mti wa falsafa, mwenye shamba kaukata 2016, ulikuwa umeshazeeka ndiyo, lakini watu nao walikuwa wanamkanyagia shamba kila siku kuufuata na kamera. Mtu analima pale, anakula pale. Hilo liliniuma sana.

Basi rudi, simama barabarani, shambani usiingie hata hatua moja, theluji isiyo na nyayo ndo picha yenyewe. Vaa glavu zile mama yako alizokutumia. Ukishapiga niletee kwa imeili, WhatsApp inazikamua picha, na nataka nione ule weupe wa theluji unapokutana na wa mbingu.

Baba yako