Mtoto wa darasa la pili anasoma kitabu chote, kumbe hajui kusoma: yaliyonikuta Uyole

Dada, umeuliza ufanye nini na kijana wako wa darasa la pili. Daftari limejaa alama za vema, lakini ukimpa ujumbe wa simu asome anakwama neno la kwanza. Waliotangulia kukujibu, wengi wamesema umhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza, na mmoja amesema fimbo. Ngoja nikueleze yaliyonikuta mimi, maana miaka miwili iliyopita nilikuwa hapo hapo ulipo.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Uyole hapa Mbeya. Kwa mafundi, Januari ndiyo msimu wenyewe: kaptula, sketi za marinda, mashati meupe, na kila mzazi anataka la kwake leo. Binti yangu alipoanza la kwanza, mimi nilikuwa nashona sare za watoto wa watu mpaka saa nne usiku. Daftari lake nililishika mara ya kwanza mwezi wa nne. Nikaona vema, vema, vema, nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa na amani kabisa.

Zile vema usizitegemee sana. Darasa lao lilikuwa na watoto 112. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamemiminika, na siwezi kulalamika kwa sababu na wangu alikuwa mmoja wao. Lakini hesabu ni hesabu. Kipindi cha dakika 30 ukikigawa kwa watoto 112, kila mmoja anaambulia sekunde 16, tena kama mwalimu hajapumua wala hajamtoa mtu nje kwenda chooni. Atafanyaje? Anaandika ubaoni, anapiga fimbo kwenye silabi, darasa zima linaitikia: ba, be, bi, bo, bu! Ukipita nje unasikia raha. Ila mtoto anaweza kuitikia hivyo mwaka mzima huku anaangalia dirishani. Na vema anaipata kwa kunakili kutoka ubaoni, maana mkono unajua kuchora herufi ambayo mdomo hauijui.

Niligundua kwa bahati tu. Akiwa la pili nilimnunulia kitabu cha hadithi pale sokoni Mwanjelwa, chembamba, chenye picha. Mama yake akamsomea mara tatu nne. Baada ya wiki binti akawa anakisoma mwenyewe bila kusita, na kidole anapitisha chini ya maneno. Nikaita na majirani waje wasikie. Siku moja mdogo wake akamwagia uji, kurasa mbili zikagandana. Jioni binti akasoma kama kawaida, akafika kwenye ile iliyogandana, akaisoma na yenyewe! Nikamwambia, "Mama, hebu rudi hapo." Akarudia, neno kwa neno, yale yaliyofichwa na uji.

Nikamfokea. Sitajisafisha hapa. Wiki mbili zilizofuata nikiingia nyumbani na kitabu mkononi, anakumbuka ghafla kwamba hajaosha vyombo. Ndiyo maana huyo ndugu wa fimbo siwezi kumuunga mkono. Sisemi kwa huruma, nimeona tu kwamba mtoto akiogopa anazidi kukariri, kwa sababu kukariri ndiko kunakomtoa haraka mikononi mwako.

Nikaenda kwa mwalimu wake. Nilikwenda na hasira zangu, nikarudi na aibu. Aliniuliza, "Nyumbani unamfundishaje neno mama?" Nikamwambia: em, a, ma. Akacheka. Kumbe kosa lilikuwa langu. Tangu mtaala wa KKK wa 2015, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa la kwanza na la pili, mtoto anafundishwa sauti ya herufi. Jina la herufi linasubiri. Shuleni anaambiwa funga midomo, mmm, halafu achia a. Nyumbani baba anamwambia em. Akiunganisha em na a anapata "ema", na hajakosea hata kidogo! Kiswahili kinasomeka kama kinavyotamkwa, irabu zake ni tano tu na hazigeuki sauti, kwa hiyo mtoto akishazikamata silabi anafungua karibu neno lolote. Sisi wazazi ndio tunaomchanganya na em na be na esi zetu.

Basi nikaacha em. Tukaanza upya na silabi, dakika 10 kwa siku, sikuzidisha. Nilikata vipande vya karatasi ngumu ya kukatia patani, kila kipande silabi moja, tukawa tunapanga: ka-ka, ka-ta, ta-ka, ka-ti-ka. Alipoona kaka na kata vinatofautiana kipande kimoja tu, uso ulibadilika. Zile ngumu kama nywa, ndwe na mbwa tuliziweka kando mpaka nyepesi zilipokaa. Ng na ng' zilitusumbua mwezi mzima, ngoma na ng'ombe, ng'ombe na ngoma.

Kitabu nilikiweka juu ya kabati. Nilitaka asome maneno ambayo hajawahi kusomewa na mtu, na kitu nilichokuwa nacho bure ni daftari langu la oda. Mama fulani, gauni, solo, mfuko wa pembeni, kalipa 5,000 bado 7,000. Hakuna anayeweza kukariri hilo, kila siku lina mistari mipya. Akitoka shule anapita kibandani, namwambia nisomee kazi za leo. Mwanzoni dakika 10 zinaishia kwenye mistari miwili. Mteja akiwepo anasubiri na yeye, wengine wanamsaidia kwa kunong'ona, nawakataza.

Lakini aliyefanya kazi kubwa ni mama yangu. Alikuja kutoka Tukuyu mwaka ule kukaa nasi, na shule hakuwahi kuiona. Nilimwambia binti awe anamsomea bibi jioni jikoni, wakisubiri ugali, na mwezi wa saba kwa baridi ya huku hakuna anayekataa kukaa karibu na jiko. Nilitaka tu apate mtu wa kumsikiliza mimi nikiwa kazini. Siku moja nikawasikia. Binti: "Kuku anatega mayai." Bibi: "Kuku anategaje mayai? Rudia hapo." Binti akatazama tena: "Anataga." Bibi: "Haya, endelea." Herufi moja, na aliyeikamata ni mtu asiyejua herufi! Mimi ninayejua nilikuwa namkatiza kila silabi mpaka hadithi inamwagika njiani. Bibi anamkatiza pale tu maana inapokatika, halafu anauliza, "Kwa hiyo yule sungura alikwenda wapi?" Ikabidi binti asome huku anaelewa, maana ataulizwa. Kama una mzee nyumbani, hata shangazi mwenye muda, mtumie. Asiwe anajua sana.

Kuna jambo la sisi watu wa huku. Lugha yetu, Kinyakyusa, haina v wala z. Nyumbani kwetu ukikaa vibaya unasikia fitabu, fiatu, sawadi, na mimi mwenyewe wateja hunicheka mpaka leo. Mtoto huandika anavyosikia, kwa hiyo usimwone mjinga akiandika fiatu. Mwalimu alinishauri tushike koo tukitamka: kwenye f koo limetulia, kwenye v linatetema. Tulikaa sebuleni watu wanne tumeshika makoo, mgeni angeingia angekimbia. Lugha ya bibi hatukuiacha, hadithi zake anazisimulia kwa Kinyakyusa vile vile, na sioni zimemharibia mtoto chochote.

Kuhusu kumhamishia mchepuo wa Kiingereza: kama ada unaiweza na darasa ni la watoto 30, mwalimu atamwona, hiyo ni kweli. Ila mtoto ambaye hajaweza kusoma "kata" kwa lugha anayoijua, ukimpa lugha ambayo herufi a ina sauti tatu nne, unamwongezea mzigo. Mimi ningesubiri asome Kiswahili kwanza. Tuisheni nilimpeleka mwezi mmoja nikamtoa, kulikuwa na watoto 40 kwenye chumba kimoja, ba be bi bo bu ileile, tofauti ni kwamba hii nalipia.

Kabla ya yote hayo mpime macho na masikio, halafu omba akae mbele. Vitabu vya kiada unaweza kuvisoma bure kwenye simu kupitia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ila bando linaliwa, na wangu akishika simu hadithi inageuka katuni.

Ilichukua muda. Tulianza mwezi wa pili, mwezi wa sita alikuwa bado anasoma kwa kuvuta, na kuna wiki alirudi nyuma kabisa mpaka nikafikiri tumekosea kila kitu. Mwezi wa kumi ndipo alisoma ukurasa mpya mzima bila kusimama, na bibi akaelewa hadithi yote.

Mwaka huu yuko la nne, ana upimaji wa Baraza la Mitihani mwishoni mwa mwaka, na hesabu zinamsumbua, huo ni uzi mwingine. Juzi nimefungua daftari la oda nikakuta limepitiwa na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika "fishikizo 6". Amekata, akaandika "vishikizo", na chini ya ukurasa ameniwekea alama: 7 kwa 10.